Kitabu cha lindo: kisa cha mlinzi aliyejifunza kuandika Kiingereza ukubwani

Uchambuzi huu unamhusu mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima, upande wa Temeke, Dar es Salaam. Nimemwita Baba Salma, jina ambalo si lake. Kampuni yake na nyumba anazolinda sizitaji, na tarehe na namba zilizomo kwenye mifano nimezibadilisha. Mwenyewe ameyasoma maelezo haya na kuridhia yatolewe. Nawaandikia walimu wenzangu wa madarasa ya jioni, kwa sababu naamini watu wazima tunawapotezea muda mwingi, na nauli, kwa kuwaanzishia uandishi mahali pasipowahusu.

## Usuli

Baba Salma ana miaka arobaini na kitu. Alimaliza darasa la saba miaka ya tisini katika shule ya serikali. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengine. Sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, hakwenda. Kiswahili anakiandika vizuri sana, kwa mwandiko ulionyooka na habari zilizopangika.

Ni mlinzi wa getini kwenye nyumba za kupangisha, upande wa pili wa jiji. Wapangaji wengi ni wageni, kwa hiyo kitabu cha matukio, ambacho walinzi wanakiita OB, huandikwa kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi mstari wake ulikuwa mmoja: "All is well. Nothing to report." Aliunakili kwa mwenzake aliyemkabidhi lindo siku za mwanzo, na tangu hapo akawa anaurudia kila zamu. Likitokea jambo, alimpigia simu mkuu wa zamu, naye ndiye aliyekuja kuandika.

Nafasi ya mkuu wa zamu ikawa wazi. Sharti moja lilikuwa kuandika taarifa ya tukio kwa Kiingereza, kwa mkono, mbele ya ofisa wa kampuni. Hilo ndilo lililomleta darasani.

Hakuwa mgeni wa kozi. Alishalipia miezi mitatu mahali pengine, na daftari la kozi hiyo alikuja nalo: majedwali ya nyakati kumi na mbili za kitenzi, yamenakiliwa kwa kalamu nyekundu na bluu, hakuna hata herufi iliyopinda. "Go, went, gone" anaiimba bila kukwama. Sentensi moja ya kwake mwenyewe haikuwamo daftari zima. Alisema, "Mwalimu, Kiingereza kichwani kimo. Mkononi ndio hakifiki."

## Tulichokikuta siku ya kwanza

Tulimpa kazi moja: aandike yaliyotokea kwenye lindo lake la mwisho, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili alijaza nusu ukurasa. Gari moja jeupe lilifika saa nne usiku, dereva akataka afunguliwe, alipoulizwa anakwenda kwa nani hakujibu, Baba Salma akakataa kufungua, akapiga simu nyumba namba sita, mama wa pale akasema hana mgeni, gari likaondoka. Kwa Kiingereza aliandika hivi:

"Yesterday I am enter work 12:00. One car it come 4:00 night. Driver he said me open get. I am not open. I call madam, he say no visitor."

Mwalimu mwenzangu, kijana makini aliyesomea ualimu, aliona makosa karibu katika kila neno, akapendekeza turudi kwenye sauti za herufi, tupande hadi "am, is, are", na uandishi wa habari nzima usubiri. Pendekezo lake lina mantiki, na ndivyo vitabu vingi vya kozi vilivyopangwa. Mimi niliona kitu kingine kwenye karatasi ile: taarifa iliyokamilika. Aliyekuja yupo, alichotaka kipo, jibu la mlinzi lipo na mwisho wa tukio upo, na vyote vimefuatana kama vilivyotokea. Kupanga habari hivyo ni kazi ngumu, na kwa Baba Salma ilikwisha kufanyika kabla hajafika kwetu.

Basi tukakubaliana kuliuliza kila kosa swali moja: msomaji asiyejua Kiswahili akifika hapa, ataelewa tukio lile lile, au ataelewa tukio jingine?

Swali hilo liligeuza mpangilio wote. Kosa ambalo mwalimu wa sarufi angelipita haraka, la saa, ndilo lililokuwa baya kuliko yote. "4:00 night" kwa Baba Salma ni saa nne usiku. Kwa mpangaji mgeni ni saa kumi alfajiri. Lau mtu angekwenda kutazama picha za kamera za ulinzi kwa saa ile, angekuta barabara tupu, na mlinzi mwaminifu angeonekana mwongo. La pili lilikuwa "madam, he": mwanamke amekuwa mwanamume, na katika taarifa ya ulinzi jinsia ya mtu ni sehemu ya ushahidi. "Get" badala ya "gate", "said me" badala ya "told me", na "it" iliyozidi baada ya "car" vinakera jicho, lakini tukio linabaki lile lile. Kukosekana kwa "a" na "the" hakumdhuru msomaji yeyote.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutumia kitabu cha lindo kama kitabu cha kiada. Kila zoezi la kuandika litoke kwenye jambo lililotokea getini au linaloweza kutokea pale. Hakuna "My holiday", hakuna "My best friend". Hili si jambo la kubuni leo. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa wa kanda ya ziwa, uliofanywa kwa ushirikiano na UNESCO, ulikuwa ukifundisha watu kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba na uvuvi, yaani kazi walizokuwa wakizifanya kila siku. Madarasa yetu ya Kiingereza ya mjini yameuacha urithi huo, na inanisikitisha.

Wa pili, Kiswahili kiruhusiwe katika kupanga. Wapo walimu wanaokipiga marufuku kabisa darasani. Katika mazungumzo naielewa hoja yao. Katika kuandika, mtu mzima anayelazimishwa kufikiri kwa lugha asiyokuwa nayo anaishia kufikiri mambo madogo kuliko anayoyajua. Baba Salma aliandika pembeni mwa karatasi maneno matano, lini, nani, alifanya nini, nikafanya nini, ikawaje, akayajibu kwa Kiswahili kwa maneno mawili matatu, ndipo akaingia kwenye Kiingereza.

Wa tatu, sentensi ya aina moja tu kwa muda mrefu: mtu, tendo, kitu, mahali, saa. Wakati mmoja tu, uliopita. Zile nyakati nyingine kumi na moja tuliziacha ndani ya daftari lake la zamani.

Na wa nne, karatasi moja isahihishwe kosa la aina moja. Huu ndio uliotuletea matatizo, nitaueleza mbele.

## Jinsi kazi ilivyokwenda

### Saa na tarehe

Tulianza na saa, kabla ya kitenzi chochote. Watu wengi hufundisha kanuni ya kujumlisha sita, na mchana inafaa: saa mbili asubuhi inakuwa 08:00, saa tisa alasiri inakuwa 15:00. Usiku inamwacha mtu njiani. Saa nne usiku ni 22:00, hapo umejumlisha kumi na nane. Saa nane usiku ni 02:00, hapo umetoa sita. Mtu aliyechoka, mwenye tochi kwapani, hawezi kupiga hesabu hizo. Kwa hiyo alichora orodha kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kushoto saa zake kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, kulia 18:00 hadi 06:00. Tulichagua mtindo wa saa ishirini na nne ili aondokane na mzigo wa "a.m." na "p.m.".

Tarehe ilitukalisha zaidi. Baba Salma ni mtu wa Pwani, na kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Katika kitabu cha Kiingereza tarehe inageuka katikati ya lindo, saa sita usiku. Lindo moja lina tarehe mbili. Alipolielewa hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema kuna taarifa za wenzake anazozikumbuka zilizoandikwa tarehe ya jana. Suluhisho lilikuwa jepesi: ifikapo 00:00 anapiga mstari ukurasa mzima na kuandika tarehe mpya, hata kama hakuna tukio.

### Vitenzi vya getini

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi. Alitaja mwenyewe, kwa Kiswahili, matendo yote yanayotokea getini, tukapata orodha isiyofika hata thelathini: kufungua, kufunga, kuuliza, kukataa, kukagua, kupiga simu, kuegesha, kugonga, na mengine ya namna hiyo. Mengi yanachukua "-ed", na hapo ndipo mwandiko wake ulipofichua jambo.

Aliandika "chekt", "opend", "ripotid". Mwenye haraka ataona uzembe. Ukisoma kwa sauti utagundua amesikia sawasawa kabisa: "checked" huishia na sauti ya t, "opened" na sauti ya d, "reported" ina silabi nzima ya ziada. Kiswahili kimemfundisha tangu darasa la kwanza kwamba unachosikia ndicho unachoandika, naye akawa mtiifu. Kwa hiyo tulimwambia waziwazi: masikio yatakuletea miisho mitatu, mkono unaandika mmoja. Kwa majuma kadhaa kila kipindi kilianza na imla fupi ya vitenzi hivyo vikiwa vimechanganywa, na kazi yake ilikuwa kuandika mwisho ule ule bila kujali alichosikia.

Vile visivyofuata kanuni, "came, left, said, told, saw, heard, gave, took", havina njia ya mkato. Alikata vipande vya boksi, akaandika kitenzi kimoja kila kipande, na lindoni, magari yakipungua, alifanya mzunguko wa tazama, funika, andika, linganisha. Maneno yenye herufi zisizotamkwa, kama "guard" na "knocked", yaliingia humo humo.

Ile "he" iliyozidi katika "Driver he said" ilitibiwa kwa kidole. Kitenzi cha Kiswahili, katika kusimulia, kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha mtendaji. Dereva *a*lisema, na hiyo *a* huwezi kuitoa, kwa hiyo mtu huibeba hadi kwenye Kiingereza. Baba Salma alifunika "he" kwa kidole na kusoma. Sentensi ikisimama, "he" inakatwa. Baada ya muda alikuwa akifanya hivyo bila kuambiwa.

Ukanushi ulimtesa hadi mwisho. Kutoka "I am not open" alihamia "I did not opened". Mwenzangu alikata tamaa kidogo, ila mimi niliona ni hatua: ameshika kwamba wakati uliopita una alama, na sasa anaiweka kila mahali. Kosa la namna hiyo huja kwa mtu anayejenga kanuni kichwani mwake mwenyewe.

### Zamu ya usiku na simu

Katikati ya kozi kampuni ikamhamishia zamu ya usiku moja kwa moja. Darasa linaanza jioni, saa ile ile anayoingia lindo. Wanafunzi wetu wengi hupotelea hapo. Tulikubaliana aandike lindoni kwenye karatasi, asubuhi apige picha na kuituma kwa WhatsApp, nasi tumjibu kwa sauti, kwa Kiswahili. Ilifanya kazi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu alichokituma kilikuwa cha usiku ule ule.

Asubuhi moja ilikuja taarifa iliyoandikwa hivi: "An altercation ensued between the motorist and myself regarding access to the premises." Tulimpigia simu na kumwomba aisome. Neno "altercation" lilimshinda kulitamka, na "premises" hakujua ni nini. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili kwenye programu ya kutafsiri na kunakili jibu. Simu hatukumkataza. Tuliweka masharti mawili: simu itafute neno moja, isitafute sentensi, na neno asiloweza kulisoma kwa sauti linatoka. Alikubali. Usiku aliochoka sana alirudia tena, na ilionekana mara moja kwa sababu mwandiko wa mtu una sauti yake.

## Matokeo

Siku ya mtihani ofisa alimsimulia tukio kwa Kiswahili na kumpa nusu saa. Baba Salma alinikumbukia alichoandika, nami nakinukuu kama alivyokileta:

"On 9 May at 02:15 I heard a noise behind house 3. I took my torch and I checked. I saw two men near wall. I used my whistle. They jumped the wall and they left. I called the control room at 02:20. I did not saw a weapon. Nothing was lost."

Kuna "near wall" isiyo na "the", kuna "did not saw". Saa ni sahihi na tarehe ni sahihi. Na tazama "I used my whistle": "kupuliza" kwa Kiingereza hakukujua, akazunguka kwa neno alilonalo. Ujanja huo ndio uliomwokoa asikwame katikati ya mtihani, na tulikuwa tumeufanyia mazoezi: ukikosa neno, sema ulichofanya kwa neno dogo zaidi.

Alifaulu, akapewa ukaimu wa mkuu wa zamu. Kitabu cha kila siku anakijaza mwenyewe na kukagua cha wenzake. Taarifa ya mwezi, ambayo inataka sababu na mapendekezo, bado haimudu. Anaandika hoja, na mtu wa ofisini anaziunganisha.

## Uchambuzi

Kilichobeba kazi hii ni kuyapanga makosa kwa madhara yake kwa msomaji, badala ya ukubwa wake katika sarufi. Kama tungeanza na "am, is, are" tungefika kwenye saa mwezi wa tatu wa kozi, na nafasi ingekuwa imekwenda kwa mwingine. Pia mtu mzima anayeona kwamba jambo la kwanza alilofundishwa linamlinda kazini kesho yake, anarudi. Hilo nimeliona kwa wengi, si kwa Baba Salma tu.

Kusahihisha kosa la aina moja kulifanya kazi kwenye daftari na kukaumiza mahali pengine. Karatasi yenye alama chache nyekundu Baba Salma aliielewa kuwa ni karatasi safi. Akampelekea mtu wa ofisini kwa fahari, na yule akaanza kumwonyesha "the" zilizokosekana mbele ya watu. Alikosa darasa baada ya hapo, na aliporudi alikuwa ametushuku. Tangu siku hiyo juu ya kila karatasi tunaandika kwa Kiswahili: "Leo tumesahihisha saa tu" au "Leo ni he na she tu". Sentensi fupi, lakini mwanafunzi anajua yaliyobaki yapo na yana zamu yake. Ningemshauri mwalimu yeyote anayefuata njia hii asiiache hata karatasi moja bila maandishi hayo.

"A" na "the" hazikushika, na sidhani zingeshika kwa kuzifundisha zaidi katika hatua hii. Kiswahili hakina kitu cha kuzitundikia. Kinachosaidia ni kusoma sana, na Baba Salma hasomi Kiingereza zaidi ya kitabu chake na magazeti machache yanayoachwa na wapangaji.

Kuna mpaka mwingine ulio muhimu kuliko huo. Darasani tulikuwa na dada anayefanya usafi maofisini, aliyehitaji kuandika orodha ya vifaa vilivyokwisha. Tukamwekea njia ile ile, na haikwenda. Aliacha shule mapema, na hata kwa Kiswahili kuandika kulikuwa kwa kubahatisha, silabi zinaruka na maneno yanaungana. Yale maneno matano ya pembeni, lini, nani na mengine, kwake yalikuwa mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Njia ya Baba Salma inasimama juu ya Kiswahili kilichoandikwa vizuri. Pale ambapo msingi huo haupo, kazi ya kwanza ni kisomo cha Kiswahili, na mwalimu wa Kiingereza anapaswa kusema hivyo bila kumfedhehesha mtu. Dada huyo sasa anaandika kwa Kiswahili na mwenzangu siku tatu kwa wiki, na Kiingereza chake kwa sasa ni kusoma maandishi ya kwenye chupa na makopo ya dawa za usafi, yale yale anayoyaagiza.

Na Baba Salma tumeanza "because" na "so", kwa ajili ya ile taarifa ya mwezi. Swali alilokuja nalo wiki iliyopita ni namna ya kuandika kwamba mlinzi wa chini yake alikutwa amelala, bila kumfukuzisha kazi. Kwa Kiswahili analijua la kusema. Tunaanzia hapo.